Rosalind Kwenye Kiti cha Nyuma

Jumapili, 31 Agosti

Kesho tunaondoka! Baiskeli ya watu wawili imetiwa mafuta, cheni inang'aa, mifuko ya pembeni imefungwa. Mimi mbele kwenye usukani, Rosalind nyuma. Wiki nzima ya vijia vya kaunti yetu ya Herefordshire, vile vyembamba vyenye nyasi katikati, ambavyo gari haliingii mpaka dereva apotee.

Niyaandike mapatano yetu, nisije nikajidanganya baadaye. Shemeji yangu Gwenda anataka tuhamie kwake Bexhill, pwani, kwenye fleti iliyo chini ya ile yake. Rosalind anaelekea kukubali. Fleti hiyo haina banda. Haina hata pa kuegemeza baiskeli, maana Gwenda anasema baiskeli zinachafua kuta. Nimemwomba mke wangu wiki moja tu. Akiipenda safari, tunabaki hapa kijijini. Asipoipenda, baiskeli inauzwa, na mimi nitazeeka nikisikiliza miguu ya Gwenda juu ya kichwa changu. Rosalind alifikiri, akakoroga chai, akasema haya, Clive, wiki moja. Akishasema neno halirudi nyuma.

Neville Oakshott wa chama chetu cha baiskeli katia mdomo, kama kawaida yake. Baada ya ibada alinivuta pembeni, akaniambia nisithubutu kutoka wiki ya kwanza ya Septemba, ningoje hadi katikati ya mwezi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nikikaa nikafikiri nitajua mwenyewe. Huyu alikuwa naibu mwalimu mkuu na hajapona mpaka leo. Kusema kweli, hadi asubuhi nilikuwa bado nasitasita juu ya tarehe. Baada ya Neville, sikusita tena. Septemba watoto wamerudi shule, watalii wamekwenda zao, vijia ni vitupu. Mtu gani mwenye akili angengoja?

Maandalizi mawili ambayo Rosalind hayajui. Kwanza, ramani nimeikunja kwa ustadi, vilima vyote vimeingia kwenye mkunjo. Nimemwambia njia ni tambarare. Pili, nimeondoa bamba la kuzuia matope la gurudumu la nyuma ili baiskeli iwe nyepesi. Hatagundua.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwisha.

Nimekumbuka saa nne asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi na tyubu mkononi. Sheria inawakataza wakulima kukata nyua zao za michongoma kuanzia Machi mpaka mwisho wa Agosti, ili ndege walee vifaranga kwa amani. Mwisho wa Agosti ulikuwa jana. Leo kila mkulima mwenye trekta katoka nalo tangu alfajiri, kama wafungwa waliofunguliwa mlango. Mkono mrefu wa chuma pembeni, visu vinazunguka, michongoma inaruka vipande vipande, na vipande vyote vinatua barabarani miiba ikitazama juu. Mtoto mdogo wa huku analijua hili. Mimi nimeishi huku maisha yangu yote!

Neville alijua. Angeweza kusema. Hapana, ilibidi aniachie fumbo la darasani.

Pancha ya kwanza kabla ya kijiji cha Marstow. Ya pili tukiwa bado tunakiona kijiji cha Marstow. Ya tatu tulipoipata nikajifanya sijaisikia, nikaendelea kukanyaga mpaka rimu ikaanza kugonga mawe. Kila mara Rosalind alishuka, akakaa juu ya geti la shamba, akachuma yale matunda meusi ya porini na kutazama kondoo. Niliomba radhi. Akasema hamna neno.

Hamna neno! Nimekaa na mwanamke huyu miaka mingi, nazijua hamna neno zake. Kuna ile ya nilipokanyaga waridi za mama yake. Kuna ile ya siku niliyosahau kumchukua stesheni. Ya leo ilikuwa fupi kuliko zote, na aliisema huku akitazama mbali, upande wa mashariki. Bexhill iko mashariki.

Tumelala kwa Bi Babb, mjane anayepangisha chumba kimoja chenye mapazia ya maua na ilani nyingi ukutani. Viatu nje. Baiskeli nje. Usioge baada ya saa tatu. Nimebandika viraka sita kwenye beseni la kunawia, na Bi Babb amenikamata.

Jumanne, 2 Septemba

Mbinu mpya. Usikimbie trekta, lisimamishe!

Nilivaa kizibao changu cha manjano kinachong'aa, kile cha kuonekana gizani, nikachukua kalamu na ubao wa kukatia jibini wa Bi Babb. Mtu mwenye kizibao cha manjano na ubao mkononi haulizwi kitu katika nchi hii. Trekta likaja kijia cha Pembleford. Nikanyoosha mkono. Likasimama.

Dereva ni binti mmoja, Tamsin Preece, mikono ya kuinulia ndama, redio inaunguruma. Nikamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba katika ua huu kuna kiota cha ndege adimu, hivyo kazi isimame mpaka tuwe tumepita. Nilimaanisha kusema mpaka ukaguzi uwe umepita. Akazima injini. Akauliza, ndege gani huyo anayelea vifaranga Septemba, mzee wangu?

Nikasema ni ndege mchelewaji.

Akanitazama. Akaitazama baiskeli. Akamtazama Rosalind, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Halafu akasema, "Mzee, pancha ngapi mpaka sasa?" Mzee! Nina miaka sitini na tatu na mapaja ya kijana.

Rosalind akasogea kumwomba msamaha kwa niaba yangu. Nilitegemea sentensi moja. Wakaongea robo saa. Wakaongea habari za ng'ombe, za mama yake Tamsin na goti lake, za jinsi ua unavyokatwa ili usife. Mwisho Tamsin akamwambia, "Panda juu, mama, nikupeleke Pembleford, huku kwa baiskeli hamfiki." Kuna kiti kidogo cha pili mle ndani. Mke wangu akapanda! Akaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikasema bila shaka. Ulitaka niseme nini?

Nimesukuma baiskeli ya watu wawili, mtu mmoja, maili tatu, nikikanyaga miiba ambayo mke wangu alikuwa anaikata. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye benchi la kijani kijijini, nywele zimetimka, mashavu mekundu. Uchovu huo. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema ukiwa juu kule unaona ng'ambo ya ua, Clive, mashamba yote, mpaka milima ya Wales. Halafu akageukia upande ule tena, akapangusa macho. Nafikiri alikuwa karibu kulia.

Baa ya kijiji imefungwa Jumanne. Chakula cha jioni kilikuwa biskuti.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Tumekula sandwichi kwenye baraza ya kanisa, kama waendesha baiskeli wote wa nchi hii wanavyofanya mvua ikinyesha. Rosalind alisoma ratiba ya wapanga maua ubavuni mwa mlango, jina kwa jina, akacheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho. Nimeanza kuogopa akili yake inaondoka.

Lakini leo nilikuwa na karata yangu. Wiki iliyopita niliupigia simu mgahawa wa chai wa Upper Wick, nikaagiza wamwekee mke wangu keki ya limau, ile anayoipenda. Nilimwahidi tangu asubuhi. Kilima baada ya kilima (ramani inazidi kunisaliti, mkunjo umefunguka kwa mvua) nilimwambia keki, Ros, keki. Tukaingia tumelowa chepechepe. Na nani ameketi dirishani, mkavu, na makombo ya manjano kwenye masharubu?

Neville! Amekuja kupiga picha mabeseni ya ubatizo ya makanisa ya zamani. Mhudumu kamwambia kuna kipande kimekaa tu, cha mtu aliyepiga simu, na jina hakulisikia vizuri. Neville akasema basi kitakuwa chake.

Aliomba radhi. Akamhamisha Rosalind kwenye kiti kilicho karibu na moto. Akampa tyubu yake ya akiba, mpya, kwenye boksi lake. Akaeleza, bila mtu kumuuliza, kwamba ukingoja katikati ya mwezi wakulima wanakuwa wamefagia na mvua imesukuma miiba mitaroni, ndiyo maana alinionya. Rosalind akanigeukia polepole. Akauliza, "Alikuonya?"

Nikasema chai inapoa.

Kisha kikaja kilichonimaliza. Rosalind akaanza kumhoji Neville. Kiti gani hakiumizi. Gia ngapi zinatosha kwa mlima. Mtu mfupi anunue fremu ya ukubwa gani. Maskini mke wangu, amefika mahali pa kuuliza namna ya kupunguza maumivu! Na anamuuliza Neville! Mimi ninajua mambo ya viti kuliko mwanadamu yeyote wa kaunti hii, na hakunigeukia hata mara moja.

Jioni, hatua ya mwisho. Mzee mmoja wa chama, marehemu sasa, alikuwa akimimina maziwa ndani ya tyubu. Yanaganda kwenye tundu, pancha inajiziba yenyewe. Nilikwenda dukani nikanunua maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, na bomba la sindano la kupambia keki. Nimeyaingiza kwenye magurudumu yote mawili, nikiwa nimechutama nyuma ya kibanda cha kuku cha mwenyeji wetu. Nililipuka kwa furaha peke yangu. Kuku walishtuka.

Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi: ushindi! Miiba inaingia, inasema fss, inanyamaza. Nilipiga mluzi. Nilimwambia Rosalind asikilize, asikilize vile hakuna kinachotokea. Jua limetoka. Tulipita matrekta mawili bila kusimama, nikawapungia mkono madereva kwa dharau kidogo. Nilimsikia nyuma yangu akisema angependa tusimame, kuna mnara wa kanisa uliopinda. Nikamwambia hatuna haja ya kusimama tena kamwe!

Mchana: sitaki kuandika. Naandika.

Tulikuwa tunashuka kwenda kwenye kijito cha Dulling, mahali ambapo kijia kinaingia majini na kutokea upande wa pili. Jua kali, mteremko, magurudumu yamepata moto. La nyuma likapasuka. Halikusema fss. Lilisema kitu nilichokisikia tumboni. Maziwa yote yakaruka juu, na kwa kuwa bamba la kuzuia matope lilikuwa nyumbani, bandani, yalimfikia Rosalind kuanzia kiunoni mpaka kofia.

Halafu nyigu.

Septemba ni mwezi wao. Hawana kazi, hawana mtoto wa kulisha, wanatafuta sukari tu. Walitoka kwenye matunda yaliyooza ya kila bustani ya Herefordshire. Nikapiga kelele ajitupe majini. Nikasema hayana kina. Kuna nguzo pale yenye namba za kuonyesha kina, nami sikuitazama, kwa sababu mtu mwenye uzoefu hahitaji nguzo. Tukaingia wote watatu, mimi, yeye na baiskeli. Sakafu ya pale ina utelezi wa kijani. Niliteleza kwanza. Rosalind akafuata, kisha baiskeli ikaja juu yetu.

Nilipotoa kichwa alikuwa ameketi majini mpaka kifuani, amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Yanatikisika bila kukoma. Nilimwita. Alifunika uso kwa mikono miwili, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Mke wangu analia mtoni kwa sababu yangu.

Sikumkaribia. Nilisimama pale na tairi mkononi, maji yananiingia mfukoni, nikajua yamekwisha. Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Bexhill si kitu. Gwenda si kitu, ingawa ni kitu. Nilitaka kimoja tu, kwamba kati ya vitu vyote ninavyovipenda, yeye apende hata kimoja, tukipende pamoja kabla miguu haijakataa. Nimekipaka maziwa na kukitupa kijitoni.

Tamsin Preece alitukuta, akiwa na trekta na tela. Alitupakia wote, akasema tu, "Poleni, jamani," na kwamba kwa miaka yote hajaona nyigu wamemfuata mtu namna hii. Rosalind akaanza kutikisika tena.

Ijumaa, 5 Septemba

Tuko nyumbani. Safari imekufa kabla ya wiki kwisha. Sikulala. Asubuhi niliisafisha baiskeli ili mnunuzi aikute nzuri. Nilipofika kiti cha nyuma nikashindwa, nikakaa chini sakafuni mwa banda.

Wakati wa chai akaniita jikoni. Alikuwa amevaa vizuri. Akaniambia nikae. Nikakaa. Nikamwambia najua, na kwamba nitampigia Gwenda mwenyewe.

"Clive, mpenzi. Siendi Bexhill."

Niliruka nikagonga taa.

"Kaa chini. Sijamaliza."

Akasema wiki hii ameona vitu ambavyo hakuwahi kuvijua, na yeye kaishi huku. Akasema hajacheka vile tangu alipokuwa msichana, pale majini, mbavu bado zinamuuma. Hataki kuondoka. Anataka vijia hivyo, vyote, mpaka Wales. Machozi yakanitoka, siyaonei haya.

Ndipo akasema jambo la pili. Akasema kwamba kutoka kiti cha nyuma anachokiona ni mgongo wangu. Ni mgongo mzuri, hana ugomvi nao, lakini ndio Herefordshire yote aliyoipata kila tulipokuwa tunakwenda. Kila kitu kizuri alikiona tuliposimama. "Pancha ndizo zilizokuwa safari, Clive. Ukishaziba tu, basi, safari imekwisha, tunarudi kwenye mgongo."

Nikauliza sasa anatakaje. Anataka baiskeli yake mwenyewe. Asimame anapotaka. Apotee akitaka. Hataki ramani, hataki ratiba, hataki mtu wa kumwambia sikiliza. Nikauliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga, kama na mimi nitakuwemo. Akanishika mkono. Akasema labda, baadaye kidogo, kama nitaweza kwenda nyuma yake saa nzima bila kusema kitu wala kupanga kitu. Kwamba angependa hivyo. Angependa sana.

Nikaahidi. Nilimaanisha kila neno.

Jumamosi, 6 Septemba

Ameondoka asubuhi peke yake, kwenye baiskeli ya mama yake Tamsin, ile yenye kikapu. Mama mwenyewe goti haliruhusu tena. Nilisimama getini. Nilimuuliza anaelekea wapi. Akasema kushoto. Sikusema kwamba kushoto kuna kilima. Niliuma ulimi mpaka akapotea kwenye kona, kisha nikakaa kwenye ngazi, nyumba kimya, nikajisikia vibaya kuliko Alhamisi.

Nilikaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Nikawaza maneno yake moja moja, kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekubali kosa. Na polepole ikanijia. Jibu liko wazi! Mke wangu hana tatizo na baiskeli ya watu wawili hata kidogo. Tatizo lake ni kiti. Kasema mwenyewe anataka kuona, na kasema mwenyewe anataka mimi niwe nyuma. Nyuma!

Nimekuwa bandani tangu wakati huo. Kiti cha mbele nimekishusha kimfae. Usukani nimeuleta karibu. Breki zote mbili nimevuta waya mpaka nyuma, ziwe mikononi mwangu, kwa usalama wake. Nimefunga kioo kwenye fimbo ndefu ili niione njia juu ya bega lake, na nimepanga ishara tatu za kumgonga mgongoni: moja kushoto, mbili kulia, tatu kanyaga. Kwa hiyo sitahitaji kusema kitu, kama nilivyoahidi.

Huyo anarudi, namsikia akiimba kule kwenye kona. Sitamwambia sasa. Ngoja ashuke, apumzike, anywe chai, kisha nimfumbe macho nimlete hapa. Kengele nayo nimeihamishia nyuma.